Kujikagua: hatua inayotangulia picha

Mtu anayeunga kompyuta yake ya kwanza nyumbani hapa Makole, jijini Dodoma, mara nyingi huchanganya vifaa vipya na vya mtumba. Anabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Mafundi husema "inawaka lakini haileti picha". Kauli hiyo ni ya kweli, ila huelekeza macho kwenye skrini, na watu huhangaika na skrini nzima wakati hitilafu iko ndani ya kasha. Tunahitaji istilahi inayotaja mahali kazi ilipokwama.

Kwa Kiingereza hatua inayotangulia picha huitwa POST, kifupisho cha maneno yenye maana ya jaribio ambalo mashine hujifanyia yenyewe mara inapowashwa. Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotoka Agosti 1981, ilikuwa na hatua hiyo, na warithi wake wote wanayo hadi leo. Pawa saplai ikishatulia, huipa bodi mama ishara kwamba umeme uko sawa. Prosesa huanza kusoma programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi mama, yaani bayosi. Programu hiyo huangalia prosesa yenyewe, kisha ramu, kisha kadi ya picha, ndipo itafute diski yenye mfumo endeshi.

Zingatia mpangilio huo. Kadi ya picha huamshwa baada ya ramu, kwa hiyo kompyuta iliyokwama kwenye ramu haina njia ya kuandika kosa lake kwenye skrini. Ndiyo maana IBM walitumia milio: mmoja mfupi ulimaanisha mambo ni sawa, mmoja mrefu na miwili mifupi, tatizo liko upande wa picha. Bodi nyingi za leo zina vitaa vinne vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kile kinachobaki kimewaka huonyesha hatua iliyokwama.

Tuiteje hatua hii kwa Kiswahili? "Jaribio la kuwasha" linapotosha, kwa kuwa msikilizaji ataelewa kwamba kuna mtu anajaribu kuwasha mashine. "Kujipima" kunakaribia, lakini kupima hudai kiasi: uzito, joto, volti. Kazi kuu ya bayosi hapa ni kuhakikisha kila kifaa kipo, kinaitika na kinafaa kuanza kazi, kama afisa anayepita mbele ya gwaride kabla ya kuliruhusu liondoke. Hiyo ni kazi ya kukagua. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mashine inajifanyia yenyewe. Napendekeza "kujikagua", na panapohitajika jina kamili, "kujikagua kwa mwasho".

Istilahi hii inatenga hatua tatu ambazo tumezoea kuzichanganya: kuwaka, kujikagua na kupakia mfumo. Ikiwa kompyuta haiwaki, shughulikia umeme. Ikiwa imepita kujikagua lakini Windows haifunguki, tazama diski. Ikiwa inawaka na haimalizi kujikagua, anza na yale yanayosahauliwa na waungaji wapya. Waya wa umeme wa pini 24 unaoingia kwenye bodi mama hautoshi. Prosesa ina waya wake wa umeme, kwa kawaida wa pini nane, juu ya bodi. Zima umeme, toa ramu zote, safisha meno yake, maana vumbi la Dodoma huingia kila mahali, kisha rudisha moja tu, mara nyingi kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa, na uikandamize mpaka vibanio vifunge. Ukiwa na ramu ya DDR5, subiri: mara ya kwanza kujikagua kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Hakikisha pia kwamba bayosi ya bodi yako inaitambua prosesa uliyonunua.

Vitaa vyote vikizimika na bado hakuna picha, sasa ndipo uitazame kebo ya skrini. Ichomeke kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi mama. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina grafiki ndani, kwa hiyo tundu la bodi haliwezi kutoa picha yoyote.

Kiswahili kimewahi kuzibeba istilahi za kompyuta: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno ya ndani ya kasha yamebaki nyuma. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) linaweza kuyasanifu, na walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaweza kuyafundisha, lakini fundi ndiye atakayeyapa uhai. Kwa hiyo mteja akikuletea mashine yenye skrini nyeusi, kabla hujagusa bisibisi muulize: "Imemaliza kujikagua?"