Shabaha Iliyokoswa kwa Makusudi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilimwekea shangazi yangu kanda ya filamu ya Annie Get Your Gun, iliyotengenezwa na kampuni ya MGM mwaka 1950. Shangazi hakujua Kiingereza, nami nilikuwa nikimfasiria kwa sauti ya chini. Hakuuhitaji sana msaada wangu. Alimcheka yule msichana wa porini mwenye matambara na bunduki ndefu, akampigia makofi kila alipomshinda mwanamume aliyejitia mjuzi wa kulenga. Lakini filamu ilipofika mwisho, na yule msichana akaanza kukosa shabaha mbele ya mwanamume anayempenda, shangazi aliguna. "Huyu kakosa makusudi," alisema. "Kisa nini?"

Swali hilo limekaa nami miaka mingi, na ndilo lililozaa makala haya.

Filamu za kauboi zenye nyimbo ni zao la Hollywood, na miongoni mwake zimo chache ambazo shujaa wake ni mwanamke apandaye farasi, apigaye bunduki na asemaye kwa sauti kubwa. Kiswahili kina neno jikedume, nalo ni neno lenye makali pande mbili: mara ni sifa ya ushupavu, mara ni kebehi kwa mwanamke aliyevuka mpaka. Filamu hizi zinaishi katikati ya makali hayo mawili. Zinampenda jikedume, zinamwimbisha nyimbo bora kuliko zote, kisha zinamvua nguo zake za ngozi na kumvisha gauni.

Kisa cha Annie kilianzia jukwaani New York mwaka 1946, kwa hadithi ya Herbert na Dorothy Fields na nyimbo za Irving Berlin. Aliyeimba nafasi ya Annie alikuwa Ethel Merman, mwanamke ambaye sauti yake ilijaza ukumbi mzima. MGM walipoigeuza filamu walimchagua kwanza Judy Garland. Upigaji picha ulipoanza mwaka 1949 alikuwa mgonjwa na mchovu, akaondolewa, na nafasi yake akapewa Betty Hutton. Filamu ilipata mafanikio makubwa, na kampuni ya Warner Bros. ikajibu mwaka 1953 kwa Calamity Jane, Doris Day akiwa shujaa. Mwanamume wa kupendwa katika filamu zote mbili ni yule yule, Howard Keel, mwenye kifua kipana na sauti nzito.

Miaka hiyo haikuja bure. Wakati wa Vita vya Pili, mamilioni ya wanawake wa Marekani waliingia viwandani, wakaunda ndege na meli, wakashika mshahara wao wenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi waliondolewa ili kuwapisha askari waliorejea, na magazeti na matangazo ya biashara yakashika kuwahubiria jiko na ulezi. Hadhira ya filamu hizi ilikuwa na wanawake waliokwisha kujua kwamba mikono yao inaweza, na waliokwisha kuambiwa kwamba sasa basi. Annie anapoweka bunduki chini, hakuwa akiwasimulia habari za mbali.

Annie wa kweli, hata hivyo, hakuiweka chini. Alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Ohio, katika ufukara. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akajifunza kuwinda na kuuza nyama ya porini ili nyumba yao ipate kula. Alikuwa bado msichana aliposhindanishwa na Frank Butler, mlenga shabaha aliyezunguka na maonyesho yake. Wasimulizi wanahitilafiana kama ilikuwa 1875 au 1881, lakini matokeo hayana mgogoro. Annie alishinda. Frank, badala ya kununa, alimpenda na kumwoa, na hatimaye akaacha kutafuta makofi yake mwenyewe, akawa msimamizi wa kazi za mkewe.

Mwaka 1885 waliingia katika msafara wa Buffalo Bill, na mwaka 1887 Annie alionyesha ustadi wake London, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria. Mwaka 1898, vita na Uhispania vilipokaribia, alimwandikia Rais McKinley kwamba yu tayari kuleta kikosi cha wanawake hamsini walenga shabaha. Hakukubaliwa. Na jambo litakalomshangaza aliyeiona filamu tu: Annie hakuwa mwanamke wa suruali. Alivaa sketi, alishona mavazi yake mwenyewe, alipenda kutarizi. Sindano na bunduki zilikaa katika mikono ile ile bila kugombana. Alifariki tarehe 3 Novemba 1926, na Frank akamfuata baada ya siku 18.

Basi tazama, msomaji, walichofanya watunzi. Walichukua ndoa ambamo mwanamke alishinda na mume akafurahi, wakaigeuza hadithi ya mwanamke ambaye hana budi kushindwa ndipo aolewe. Historia ilikuwa na ujasiri kuliko hadithi.

Calamity Jane alipindishwa kwa namna nyingine. Martha Jane Cannary, huyo wa kweli, alikuwa mwanamke wa dhiki: alifua na kupika kwa ujira, aliuguza wagonjwa wa ndui huko Deadwood, alikunywa mno, na mwaka 1896 alitoa kijitabu cha maisha yake kilichojaa chumvi ili auze apate riziki. Alikufa maskini mwaka 1903, akazikwa kando ya Wild Bill Hickok, aliyeuawa Deadwood mwaka 1876. Filamu ikachukua makaburi mawili yaliyo jirani ikayafanya harusi.

Pamoja na hayo, siwezi kuibeza. Doris Day anaingia akiwa juu ya gari la farasi la abiria, amevaa ngozi zenye matamvua, akiimba kwa nguvu kana kwamba bonde lote ni lake. Anasema uongo wa kujitukuza, nao wanaume wanamcheka, lakini hakuna anayemzuia. Baadaye anaimba Secret Love, wimbo uliopata tuzo ya Oscar, na ghafla mwenye kelele anakuwa mtu wa siri. Watu wengi ambao jamii haikuwaruhusu kuyataja mapenzi yao waliuchukua wimbo huo ukawa wao. Hapo ndipo nguvu ya wimbo: mtunzi wa kisa huweza kumfunga mhusika, lakini wimbo ukishatoka kinywani hauna wa kuufunga.

Nami nadhani huo ndio mvuto wa filamu hizi. Katika Annie mna wimbo wa malumbano baina yake na Frank, kila mmoja akidai kumzidi mwenziwe. Na mpenzi yeyote wa ushairi wa kujibizana atatambua kwamba Annie hashindwi hata ubeti mmoja. Kisa kinamwambia ashindwe, wimbo umekwisha kumpa ushindi. Hata Calamity, siku ya harusi yake, ndani ya gauni jeupe amekutwa na bastola. Waandishi waliliweka kama mzaha, lakini mzaha huo unasema kweli.

Zipo aibu ambazo uzuri wa nyimbo haufuniki. Wenyeji wa asili wa nchi ile wamefanywa kichekesho au idadi ya maiti ya kujisifia. Annie ilipofufuliwa jukwaani New York mwaka 1999, wimbo mmoja wa dhihaka hiyo uliondolewa, na mwisho nao ukabadilishwa: Annie na Frank wote wawili wanakosa kwa makusudi, wakatoka sare. Ilichukua zaidi ya nusu karne Frank wa jukwaani kujifunza nusu ya aliyoyajua Frank wa kweli.

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa shangazi. Baada ya kusoma nilirudi nikamweleza habari za Annie wa Ohio: alivyoshinda, alivyoolewa, alivyoendelea kushinda. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa kwenye ukili wake.

"Basi ungenianzia na huyo, mwanangu," akasema.