Mlango au Bandari? Historia Fupi ya Istilahi Moja

Miongoni mwa istilahi zinazowatatanisha wafasiri wa miongozo ya ruta za nyumbani ni ile itokanayo na neno la Kiingereza "port". Mwongozo mmoja uliofika mezani petu ulimwagiza mwenye nyumba "afungue bandari 80". Msomaji wa Dodoma angeitafuta wapi bandari hiyo?

Kosa lenyewe si la uvivu. Kiingereza kina maneno mawili yenye sura moja: moja limetokana na Kilatini portus, yaani bandari, na jingine porta, yaani lango au mlango. Wahispania wamechukua la bandari, wakasema puerto. Wataliano na Wareno wamechukua la mlango, porta. Nasi hatuna budi kuamua kwa kuitazama dhana jinsi ilivyokua.

Kanuni za mawasiliano zilizotolewa Septemba 1981 ziliweka anwani za kompyuta, na kwa kila anwani namba za kutofautisha huduma, kuanzia 0 hadi 65,535. Barua zina 25. Tovuti zikaja kupewa 80. Aliyeijua anwani ya kompyuta aliweza kuibishia hodi moja kwa moja. Lakini anwani zote ni kiasi cha bilioni 4.3 tu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikwisha kuonekana kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa waraka ulioeleza jinsi kompyuta za ndani zinavyoweza kushirikiana anwani chache za nje. Baadaye anwani moja ya nje ikatosha nyumba nzima.

Hapo ndipo ruta ilipogeuka bawabu. Atokaye huandikwa daftarini, na jibu lake likija hupelekewa. Mgeni asiyetarajiwa hukataliwa, kwa kuwa bawabu hajui ampeleke chumba gani. Basi mwenye kamera ya ulinzi anayetaka kuitazama akiwa kazini, sharti ampe bawabu amri ya kudumu: kwanza kamera ipewe anwani ya ndani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.20, kisha iandikwe kwamba abishaye mlango 8080 wa nje apelekwe mlango 80 wa anwani hiyo. Amri hii tunapendekeza iitwe uelekezaji wa mlango. "Usambazaji wa bandari" una makosa mawili, maana kusambaza ni kupeleka huku na huku, na hapa mgeni hupelekwa mahali pamoja tu.

Tena "mlango" unaonya. Bandari ikifunguliwa watu hushangilia. Mlango ukifunguliwa mtu huuliza ni nani atakayeingia. Na amri hiyo kwa kawaida haichagui: aingiapo mwenye nyumba, huingia na mwizi, iwapo kamera ingali na neno la siri lililotoka nalo kiwandani.

Liko jambo jingine. Mwaka 2012 zilitengwa anwani maalumu ambazo makampuni ya mawasiliano huzitumia kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mteja wa namna hiyo ataandika amri katika ruta yake bila kosa, wala asifikiwe, kwa sababu penye kutokea nje hapo pana bawabu mwingine, naye ni wa kampuni. Kwa hiyo tungependa "lango" libakie kwa mtambo uunganishao mitandao, na "mlango" uwe wa namba. Walimu wanaofundisha somo hili tunawaomba watuarifu kama wanafunzi wao huzitenganisha dhana hizo mbili.