Butembo na Beni: kompyuta kuukuu na mafundi walioziongezea umri

Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili: 115 na 230. Mashini iliyotoka kwenye ofisi ya Marekani ilifika ikiwa imeelekezwa kwenye 115. Aliyeichomeka kwenye umeme wa Kongo, wa volti 220, bila kuigeuza swichi hiyo, alisikia mlipuko mmoja, akanusa harufu ya kuungua, na fedha yake ikawa imekwenda. Fundi mzoefu aliitazama swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana naona historia ya kompyuta Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ianzie kwenye umeme.

Butembo ulikua ukawa mji mkubwa wa biashara huku gridi ya taifa ikiwa haijaufikia. Wafanyabiashara wa Kinande hawakuisubiri Kinshasa. Walichanga fedha kuitengeneza barabara, wakajenga uwanja wa ndege wa Rughenda, na kila mwenye duka alijitafutia umeme wake kwa jenereta. Lakini jenereta ndogo haina umeme mtulivu. Ikizidiwa, volti zinashuka. Mzigo ukitolewa ghafla, zinaruka. Kinachoumia kwanza ndani ya kompyuta ni pawa saplai, kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme kwa sehemu nyingine zote.

Kukitengeneza ni kazi ya subira. Fundi huchomoa waya, kisha hungoja, kwa sababu kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme unaoweza kumrusha mtu hata baada ya waya kutolewa. Akifungua, hutazama fyuzi, halafu vichwa vya kapasita. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa imevimba kama chapati kwenye kikaango, au imetokwa na uchafu wa kahawia. Ataitoa kwa pasi ya kulehemu na kutafuta nyingine yenye kipimo kilekile kwenye bodi iliyokwisha kufa, maana duka la vipuri vipya halipo karibu. Akigeuza upande, ule mstari wa hasi ukakaa mahali pa chanya, kapasita itampasukia usoni.

Vichwa hivyo vilivyovimba vina historia yake. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na takriban 2007, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu. Kompyuta za maofisini zilikufa kabla ya wakati. Dell OptiPlex GX270 ilikuwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi kwa ugonjwa huo. Ofisi za Marekani na Ulaya zilipozitoa mashini za miaka hiyo, masoko ya mitumba yalipokea mashini na ugonjwa wake kwa pamoja.

Njia ya bidhaa hizi ni ileile ya vitenge, pikipiki na vipuri vya magari. Mzigo hutoka Dubai au bandari nyingine, hushuka Mombasa, hupita Kampala na Kasese, huvuka mpaka wa Mpondwe na kuingia Kasindi, upande wa Kongo. Kutoka hapo ni kilomita 80 hadi Beni, na nyingine 54 hadi Butembo. Vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003 viliikaza zaidi njia hiyo. Beni ikawa makao ya RCD-K/ML, kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi, Kinshasa ikawa upande wa pili wa vita, na biashara ikazidi kugeukia mashariki. Matokeo yake yalionekana hata kwenye vidole vya wachapaji: shule na ofisi zilifundisha kibodi ya Kifaransa, yenye A pale ambapo Mwingereza ameweka Q, lakini mashini kutoka Kampala zilikuja na kibodi za Kiingereza. Watu waliibadilisha lugha ndani ya Windows, wakabandika vikaratasi juu ya vitufe, au wakachapa kwa kukumbuka tu.

Waliochapa zaidi walikuwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati Emmanuel Kataliko akiwa askofu wa jimbo la Butembo-Beni, na vyuo vingine vikafuata. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi aliyemaliza alidaiwa kazi iliyochapwa ya kuhitimisha masomo, ile waliyoiita TFC. Sekretaria ndogo zenye kompyuta kuukuu moja au mbili na printa, pembeni ya jenereta, zimezaa wahitimu ambao nyumbani kwao hakujawahi kuwa na kompyuta. Betri ndogo ya saa kwenye bodi ikiisha, mashini huamka ikidhani imerudi nyuma miaka kadhaa, kisha intaneti inakataa kufunguka. Mteja anadhani kompyuta imekufa. Fundi anaweka betri mpya, anasahihisha tarehe, na kazi inaendelea.

Kuna jambo linaloniuma katika historia hii. Mwaka 2000, simu na kompyuta zilipoongezeka duniani, bei ya tantali ilipanda kutoka takriban dola 30 au 40 kwa ratili hadi zaidi ya 300 mwishoni mwa mwaka. Tantali hutengenezewa kapasita ndogo zinazodumu, na hutoka kwenye koltani. Vijana waliingia mashimoni kote Kivu, pamoja na Manguredjipa, magharibi mwa Butembo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi wakabaki na mashimo tu. Jiwe liliondoka likiwa ghafi, kwa bei ya shimoni. Miaka kadhaa baadaye madini ya aina hiyohiyo yalirudi kupitia Kasindi ndani ya mashini iliyokwisha kutumiwa na wengine, nasi tukayanunua.

Majirani wamejaribu njia zao za kukabiliana na mashini hizi za mitumba. Katika bajeti ya Juni 2009, Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta, televisheni na friji kuukuu. Nauelewa woga huo: mashini iliyokufa ikipitishwa kwa jina la mtumba ni takataka iliyotupwa kwa mwenzako, na Mkataba wa Bamako wa 1991 uliandikwa kuzuia hilo. Lakini marufuku haimtofautishi muuza taka na fundi anayeiongezea mashini miaka mitano. Kenya ilitoa mfano ninaouthamini zaidi. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002 kwa kukarabati kompyuta na kuzipeleka mashuleni, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kituo cha Nairobi kinachobomoa na kuchakata zile zisizofufuka.

Upande huu wa Kongo umeme umeanza kubadilika. Mtambo mdogo wa umeme wa maji wa Mutwanga, chini ya Rwenzori, uliwashwa mwaka 2013, na paneli za jua zimeenea. Amani ndiyo haijaja: mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014 yamewafukuza watu makwao hadi leo. Hata hivyo mzigo mpya unakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na ofisi nyingi za ng'ambo zinatoa mashini nzima kabisa ambazo haziruhusiwi kupokea toleo jipya. Zikiwekewa Linux, zitafanya kazi Butembo kwa miaka.

Zile zilizokufa ndizo hazina pa kwenda. Monita moja ya zamani ya kioo hubeba kilo moja au zaidi ya madini ya risasi, na kuipasua ili kuchukua shaba ni kuiacha risasi hiyo ardhini. Kituo kile cha Nairobi kiko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, na taka hizi zikivuka mpaka zinahitaji idhini ya Kongo, Uganda na Kenya kwa maandishi. Wafanyabiashara waliochangia uwanja wa ndege wanaweza kuchangia ghala moja Kasindi, ambapo bodi na monita zitakusanywa zisubiri idhini hiyo. Malori yanayotoka Butembo na kahawa na kakao tayari yanapita hapo.