Tororo na wanawake wa rap: Historia ya sauti iliyovuka mpaka

Msafiri anayevuka Malaba akielekea Kampala huuona mwamba wa Tororo kabla ya kuufikia mji. Wengi huujua mji huo kwa mwamba, kwa kiwanda cha saruji, na kwa reli iliyofika huko miaka ya 1920. Lakini una mchango mwingine ambao haujaandikwa vya kutosha. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1987, Jocelyne Tracey Keko, mwanamke aliyeichukua rap, muziki uliohesabiwa kuwa wa vijana wa kiume, akaitumia kusema yale yanayofichwa ndani ya nyumba.

Keko alianza kufahamika mwaka 2010, aliposhirikishwa katika wimbo "Fallen Heroes". Akafuatisha "How We Do It", ulioonyesha kwamba anaijua kazi ya mistari. Uliogusa watu kwa namna ya pekee ni "Alwoo", kilio cha kuomba msaada, kuhusu wanawake wanaopigwa majumbani.

Wakati huo ulikuwa na maana yake. Mwaka 2010 huohuo Uganda ilipata sheria dhidi ya ukatili wa majumbani. Kenya iliipata ya kwake mwaka 2015. Kwa miaka mitano, mke aliyepigwa upande wa Uganda wa mji wa Busia alikuwa na sheria mahususi ya kumlinda, na dada yake aliyeolewa ng'ambo ya pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, hakuwa nayo. Na hata palipo na sheria, mwanamke anayeambiwa arudi akayamalize na wazee hajasaidiwa. Ili sheria ifanye kazi, sharti kwanza aibu imwondokee aliyepigwa na imwendee aliyepiga. Wimbo unaopigwa redioni, sokoni na kwenye matatu unaweza kuianza kazi hiyo.

Mpaka uliogawa ndugu

Mwaka 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Mpaka huo mpya, uliorekebishwa baadaye, uliwapitia Wateso na Wasamia katikati. Jadi ya ndugu haikukatika, ila riziki ilianza kuulizwa vibali. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwabeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya forodha, na huko ndiko ilikoanzia kazi ya bodaboda. Utawala wa Idi Amin ulipouangusha uchumi wa Uganda miaka ya 1970, magendo yakawa ajira ya watu wengi mpakani.

Katika historia hiyo yote wanawake wamebeba mzigo mkubwa. Ndio wanaovusha nyanya, mayai, samaki na mitumba, huku wakisumbuliwa na makarani na mgambo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilichozinduliwa mwaka 2018 kilirahisisha safari. Machi 2020, janga la korona lilipozuka, watu walifungiwa mpaka huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Mfanyabiashara mkubwa aliendelea kuuza. Mama wa beseni alikaa bila kitu. Maisha ya namna hii, na yale ya mitaa ya Kampala na Nairobi, ndiyo malighafi ya rap iliyo na jambo la kusema.

Waliofungua njia

Keko hakuanzia patupu. Redio binafsi za FM zilianza Uganda mwaka 1993, na Kenya zikaja miaka michache baadaye. Nairobi, Nazizi Hirji alikuwa bado msichana mdogo alipoingia kwenye rap mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye akaungana na Wyre na Bebe Cool wa Uganda kuunda East African Bashment Crew. Dar es Salaam walisikika Zay B na Sista P. Kampala, vijana wa Bataka Squad walithibitisha kwamba Kiganda kinatosha kuchana mistari. Mwaka 2014 Sharon Bwogi, anayejulikana kama Lady Slyke, alikuwa miongoni mwa walioanza kusoma habari kwa rap katika kipindi cha Newz Beat cha NTV Uganda.

Anayeubeba mpaka katika ulimi wake ni MC Yallah. Alizaliwa Kenya, akakulia Uganda, akaanza kurap mwaka 1999. Anachana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Albamu yake "Kubali" ilitoka mwaka 2019 chini ya Hakuna Kulala, lebo ndogo ya Kampala, ikafuatwa na "Yallah Beibe" mwaka 2023. Kati ya mwanzo wake na "Kubali" ilipita miaka ishirini. Huo ndio urefu wa njia ya mwanamke aliyekataa kubadili sauti yake ili apendwe haraka.

Gharama ya kujitegemea

Keko alipitia njia nyingine: alisaini na kampuni kubwa ya Sony Music, kisha akahamia Kanada. Msanii asiye na lebo, kwa upande wake, hulipia biti, studio na video mwenyewe, kisha hubisha hodi kwa watangazaji na madijei. Akiwa mwanamke, huongezewa maswali kuhusu mavazi yake, ndoa yake na aliyemlipia. Lakini uhuru wa kujitegemea ndio unaomruhusu kutaja kipigo, njaa na kodi ya nyumba bila kumwomba mtu ruhusa.

Wasanii hawa wanatudai heshima, na wanatudai fedha. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2001, na kila upande una vyama vya kukusanya mirabaha. Mawimbi ya redio ya Tororo hayasimami Malaba kuonyesha pasipoti, na wimbo unaopigwa Busia husikika pande zote mbili. Malipo yake nayo yavuke. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoweza kuwaketisha maofisa wa forodha wa nchi mbili chini ya paa moja haishindwi kuvikutanisha vyama vya mirabaha, ili mwanamke aliyewasemea majirani alipwe na majirani wote.