Tao Lililomshinda Khalifa

Mwaka wa 762, Khalifa al-Mansur alianza kujenga Baghdad na, kama mjenzi yeyote, akahitaji vifaa. Kilomita kama 35 kusini, ukifuata mto Tigris, kulikuwa na Ctesiphon, mji mkuu wa zamani wa wafalme wa Uajemi. Jumba lao lilikuwa bado limesimama. Wazo likamjia: si tulibomoe tu, tuchukue matofali?

Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba Khalifa alimuuliza Khalid bin Barmak, mshauri wake mwenye asili ya Kiajemi. Khalid akamwambia aliache. Jumba lile ni ushahidi wa Uislamu, alisema: anayeliona anajua kwamba watu walioweza kujenga kitu kama kile hawakuondolewa na nguvu za kawaida. Mansur akamshuku. Ati wewe unawatetea tu watu wenu! Kazi ya kubomoa ikaanza. Muda si muda hesabu zikagoma, kwani kuvunja na kubeba matofali ya zamani kulikuwa ghali kuliko kutengeneza mapya. Alipotaka kuacha, Khalid yule yule akamshauri aendelee hadi kwenye msingi, la sivyo watu watasema ameshindwa hata kubomoa kilichojengwa na wengine. Mansur akaacha hivyo hivyo.

Stori hii inachekesha, lakini ina swali zito ndani yake. Ukiwashinda watu vitani, ujuzi wao unakuwa wa nani? Maana hata ule mji mpya wa Mansur ulikuwa wa duara, kama Gur, mji ambao mfalme Ardashir wa Kwanza aliujenga Uajemi katika karne ya 3.

Kilichobaki Ctesiphon leo kinaitwa Taq Kasra, yaani tao la Kisra. Kisra ndilo jina ambalo Waarabu waliwaita wafalme wa Kisasani. Ni ukumbi wenye paa la tao moja la matofali, karibu mita 37 kwenda juu, sawa na ghorofa 12 hivi, na upana wa mita 25 na ushee. Hauna nguzo katikati, wala chuma. Upande wa mbele hauna ukuta, uko wazi kabisa. Ukumbi wa namna hii huitwa iwani.

Waliwezaje? Kwa kawaida fundi akijenga tao huweka kwanza mbao za kulishikilia hadi likauke. Lakini nyanda za Iraki hazina misitu ya kutoa mbao za kazi kubwa hivyo. Basi, kwenye sehemu ya juu ya tao, mafundi waliyasimamisha matofali yakiegemea ukuta wa nyuma, wakayagandisha kwa jasi, ambayo hukauka haraka. Safu moja ikishika, inayofuata inaiegemea, mpaka wafike mbele. Paa lilijibeba lenyewe huku likijengwa. Ujuzi wa aina hiyo hukaa mikononi mwa fundi, na wafalme walipoondoka, mafundi walibaki.

Waislamu waliingia Ctesiphon mwaka wa 637. Kamanda wao, Sa'd bin Abi Waqqas, aliswali ndani ya jumba la Kisra, na al-Tabari anasema sanamu za watu na farasi zilizokuwamo ziliachwa kama zilivyokuwa.

Kuba nayo ina historia yake. Shida ya kuba ni kwamba chumba kina kona nne ilhali kuba ni duara. Kwenye kasri la Ardashir huko Firuzabad, kila kona ilivushwa kwa kitao, mraba ukawa pembe nane, na pembe nane zikabeba duara. Zaidi ya miaka 800 baadaye, mnamo 1086, mafundi wa waziri Nizam al-Mulk walitumia mbinu hiyo hiyo kwenye Msikiti wa Ijumaa wa Isfahan, ila wakakigawanya kile kitao cha kona kuwa vitao vidogo zaidi.

Tuwe wakweli, si kila kitu kilitoka Uajemi. Misikiti ya mwanzo ilifuata ua na nguzo za msikiti wa Madina, na Kuba ya Mwamba kule Yerusalemu ina sura ya majengo ya Kibizanti. Lakini iwani ilisafiri mbali. Katika karne ya 12, ua wa msikiti ule wa Isfahan uliwekewa iwani nne, moja kila upande, zikitazamana. Cairo wakautumia mpango huo kwa Sultan Hasan, ulioanza kujengwa 1356. Samarkand wakaupenda. Wamughal wa India wakalipeleka lile tao kubwa la mbele hadi Taj Mahal. Hata kuba za Msikiti wa Jamia hapa Nairobi zilitufikia kwa njia hiyo ya India.

Kinachonigusa zaidi ni matumizi. Kwa Kisra, iwani ilikuwa mahali pa kiti cha enzi: yeye ndani, wewe uani, unainama. Isfahan umbo ni lile lile, lakini ukiingia hukuti mtu kwenye kiti. Unakuta safu za watu, tajiri bega kwa bega na mbeba mizigo, wote wameelekea kibla. Walichukua jengo la mfalme, wakamtoa mfalme.

Mwaka wa 1888, mafuriko ya Tigris yaliangusha sehemu kubwa ya ukuta wa mbele wa Taq Kasra. Tao lenyewe bado liko. Ule mji wa duara wa Mansur umeshapotea wote, Baghdad ya leo imejengwa juu yake.