Rekodi Ni ya Nani? Historia Fupi ya Wachekeshaji Waliojirekodi na Kujiuzia

Mwaka jana mwenzangu wa hosteli alipanda jukwaani hapa Kampala akachekesha ukumbi mzima kwa dakika 20. Mwandaaji wa usiku ule alikuwa na kamera tatu. Wiki mbili baadaye mwenzangu alimwomba nakala ili awatumie waandaaji wengine. Akajibiwa kwamba rekodi ni mali ya tamasha, na akiitaka ainunue. Bei aliyotajiwa ilizidi mara tatu malipo aliyopewa usiku huo. Alirudi chumbani akaniuliza: "Ndugu yangu, maneno ni yangu, sauti ni yangu, uso ni wangu. Sasa rekodi inakuwaje yake?"

Sikuwa na jibu. Katika insha hii ninajaribu kulitafuta, na nimelitafuta katika historia ya Marekani, kwa sababu huko vichekesho vya jukwaani vilianza kurekodiwa na kuuzwa mapema, na mapambano ya umiliki yameacha kumbukumbu nyingi. Ninachozungumzia hasa ni onyesho kamili: mchekeshaji mmoja, mbele ya hadhira, kwa saa moja hivi, likarekodiwa ili liuzwe kama kazi inayojitegemea. Hoja yangu ni kwamba teknolojia mpya ilimfungulia mchekeshaji njia mara nyingi, lakini aliyemiliki rekodi ni yule aliyeigharamia.

Kabla ya video kulikuwa na santuri. Mwaka 1956 Redd Foxx alirekodi *Laff of the Party* kwa ajili ya Dooto, kampuni ndogo ya Los Angeles iliyomilikiwa na Dootsie Williams, mfanyabiashara Mmarekani mweusi. Maneno ya Foxx yalikuwa makali mno kwa redio, kwa hiyo santuri zake ziliuzwa kwa kificho na kusikilizwa katika sherehe za nyumbani. Redio ilimfungia mlango, sebule za watu zikamfungulia. Hata hivyo, Foxx alikuwa bado msanii wa kampuni ya mtu mwingine.

Rudy Ray Moore alikwenda mbali zaidi. Alikuwa mfanyakazi wa duka la santuri Los Angeles aliposikia visa vya Dolemite, mbabe wa masimulizi ya mitaani, akavigeuza kuwa vichekesho vyake. Mwaka 1970 ilitoka albamu yake *Eat Out More Often*, aliyoirekodi nyumbani kwake huku marafiki wakiwa ndio hadhira. Vicheko vyao viliifanya nyumba isikike kama klabu. Santuri iliuzika, na pesa alizopata kwa vichekesho alizitumia kutengeneza filamu ya *Dolemite*, iliyotoka 1975. Moore hakuwa na mtaji mkubwa wala jina kubwa. Alikuwa na mashine ya kurekodia, marafiki na ujasiri.

Video ilibadilisha hesabu, kwa sababu kamera zilikuwa ghali. Mwaka 1975 kituo cha televisheni ya kulipia cha HBO kilirusha onyesho la Robert Klein, na tangu hapo kikawa nyumba kuu ya maonyesho ya aina hiyo. Televisheni ya kulipia haikuwa na masharti makali ya lugha kama ile ya kawaida, hivyo wachekeshaji walipata uhuru wa kusema. Lakini uhuru wa kusema na haki ya kumiliki ni mambo mawili. Mwenye kamera alikuwa kituo, na mwenye masafa alikuwa kituo.

Njia nyingine ilikuwa sinema. Desemba 1978 Richard Pryor alirekodiwa jukwaani Long Beach, California, katika filamu iliyotayarishwa nje ya studio kubwa za Hollywood. *Richard Pryor: Live in Concert* ilipotoka 1979, watu walipanga foleni kulipia kumwona mtu mmoja na kipaza sauti chake. Filamu hiyo ilithibitisha kwamba soko lipo. Haikuondoa tatizo la gharama, kwani ilihitaji mtayarishaji mwenye fedha na majumba ya sinema ya kuionyesha.

Badiliko kubwa lilikuja Desemba 2011. Louis C.K., ambaye tayari alikuwa maarufu kwenye televisheni, alijirekodi katika Beacon Theatre mjini New York, kisha akaiuza video kwenye tovuti yake mwenyewe kwa dola 5. Alitangaza hesabu zake hadharani, na ndiyo sababu wanahistoria wa vichekesho wanamrejea mara kwa mara. Kurekodi kuligharimu takriban dola 170,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na tiketi za maonyesho mawili yaliyorekodiwa. Tovuti iligharimu takriban dola 32,000. Katika siku 12 mauzo yalipita dola milioni 1.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Hadhira iliyokaa ukumbini ndiyo iliyolipia kamera, kwa hiyo hakuna kampuni iliyopata sababu ya kusema "hii ni yetu". Video haikufungwa kwa kufuli ya kuzuia kunakiliwa. Mnunuzi aliombwa tu asiiibe. Mwaka uliofuata Aziz Ansari na Jim Gaffigan nao waliuza maonyesho yao kwa dola 5. Hata hivyo, wote watatu walikuwa wamekwisha kujulikana kupitia televisheni. Walijitegemea baada ya kubebwa, na hilo wasifu wao wengi hulisahau.

Kwa nini umiliki uwe na uzito kiasi hiki? Dave Chappelle alilieleza mwaka 2020. Kipindi chake *Chappelle's Show* kilikuwa kikionyeshwa kwenye majukwaa ya mtandaoni bila yeye kulipwa chochote, kutokana na mkataba aliousaini akiwa kijana mwenye shida ya fedha. Sheria haikuwa upande wake. Aliwaomba mashabiki wasikitazame, Netflix ikakiondoa, na mwaka 2021 alitangaza kwamba amerudishiwa haki zake na kulipwa. Alishinda kwa sababu ana mamilioni ya mashabiki. Mchekeshaji wa dakika 20 angeomba nani asitazame?

Leo mlango mpana zaidi ni YouTube. Ali Siddiq wa Houston, aliyewahi kufungwa gerezani kwa biashara ya dawa za kulevya, alisimulia ujana wake katika *The Domino Effect*, akaiweka huko bure mwaka 2022 na kutazamwa na mamilioni. Mwaka huohuo Andrew Schulz alilinunua tena onyesho lake *Infamous* kutoka kwa kampuni iliyotaka aondoe baadhi ya vichekesho, akaliuza mwenyewe mtandaoni.

Sitaki msomaji adhani kwamba kujitegemea ni wema mtupu. Mwaka 2017 Louis C.K. alikiri kuwa kweli alifanya vitendo vya aibu ya kijinsia vilivyosimuliwa na wanawake watano. Vituo vilivunja uhusiano naye. Mwaka 2020 alitoa onyesho jipya kwenye tovuti ileile. Mlango usio na bawabu hauchagui anayepita. Na YouTube yenyewe ni bawabu wa aina nyingine: hupanga nani aonekane na matangazo yalipe kiasi gani, kwa kanuni ambazo mchekeshaji hakuziandika.

Nyumbani pia tuna historia yetu. Anne Kansiime alijulikana Afrika nzima kwa vipande vyake vifupi vya YouTube, na kundi la Wakaliwood la hapa Kampala liliuza DVD za filamu zake mkono kwa mkono, likikimbizana na wanaodurufu. Hivyo si maonyesho kamili ya jukwaani, lakini vinaonyesha kwamba mtu wa kwetu anaweza kutengeneza na kusambaza bila kungoja kuitwa.

Nirudi kwa mwenzangu. Historia imenifundisha kwamba swali lake lilikuja wiki mbili baada ya wakati wake. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na katika biashara hii kisu ni kamera pamoja na makubaliano yanayofanywa kabla haijawashwa. Moore alijirekodi nyumbani, Louis C.K. alilipia kamera kwa tiketi. Chappelle alisaini kwanza, akateseka baadaye.

Mwezi uliopita mwenzangu alialikwa tena, mahali pengine. Safari hii kabla ya kupanda jukwaani aliandika mistari minne kwenye karatasi: malipo ni kiasi gani, nani anarekodi, nani anapata nakala, nani anaruhusiwa kuiuza. Mwandaaji aliisoma, akacheka akidhani ni sehemu ya vichekesho, kisha akasaini. Mimi nilikaa safu ya tatu nimeshika simu yake, mkono ukiniuma, nikirekodi. Picha inatikisika kidogo kila ukumbi unapocheka, lakini ni yake.