Tarehe ya Pariti, 1918–1964

Chimbuko ni Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1918 Emmy Noether alithibitisha kwamba kila ulinganifu endelevu wa maumbile huzaa kitu kisichopotea: kanuni za leo zikiwa ndizo za jana, nishati haiongezeki wala haipungui. Wakati huo alikuwa akifundisha bila mshahara, tena kwa jina la David Hilbert, maana chuo hakikutaka mhadhiri mwanamke. Hata makala yenyewe iliwasilishwa kwa niaba yake na Felix Klein.

Ulinganifu wa kioo haumo katika hesabu hiyo, kwa sababu huwezi kugeuza kushoto kuwa kulia kidogo kidogo. Mwaka 1927 Eugene Wigner, Mhungaria, alionyesha kwamba katika fizikia ya kwanta ulinganifu wa namna hii nao una kinachohifadhiwa. Ndiyo pariti. Wanafizikia waliizoea mno hata wakasahau kuipima.

Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang walipekua majaribio yaliyokwishafanywa juu ya nguvu dhaifu, ile inayovunja viini vya atomu, wasione hata moja lililothibitisha pariti. Mwanafizikia Chien-Shiung Wu wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa amekwisha kukata tikiti ya meli na mumewe. Akamwacha mume asafiri peke yake, yeye akabaki kuipima pariti.

Jaribio lilifanyika Washington, pamoja na Ernest Ambler na wenzake, mabingwa wa baridi kali. Kobalti-60 ilipozwa hadi karibu sehemu moja ya mia ya kelvini, maana joto huvuruga viini, kila kimoja kikaelekea kwake. Viini vilipopangwa kwa sumaku, elektroni zikahesabiwa. Kama kioo kingekuwa mkweli, zingetoka sawa juu na chini. Zilitoka kwa wingi upande ulio kinyume na mzunguko wa kiini. Sumaku ilipogeuzwa, wingi ule nao ukageuka. Kobalti ilipopata joto, tofauti ikafutika.

Columbia ilitangaza matokeo Januari 15, 1957. Nobeli ya mwaka huo walipewa Lee na Yang. Wu hakutajwa, na kwangu hiyo ni dhuluma tupu.

Wanafizikia walijifariji: geuza kioo pamoja na chaji, mizani itarudi. Mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch, huko Brookhaven, walikuta chembe za kaoni zikiuvunja hata ulinganifu huo, takriban mara mbili katika kila elfu. Ukigeuza na wakati pia, ulinganifu wa vyote vitatu kwa pamoja haujapata kuvunjwa hadi leo.